Hakuna Fomu ya Kurudisha

Pale Dzamandzar kisiwani, mkabala na lango la kiwanda cha sukari ambacho king'ora chake hakijalia kwa miaka kadhaa, Rahamatou alikuwa na jiko la mkaa, birika mbili za kahawa, na benchi moja refu lililotengenezwa kwa mbao za behewa la miwa. Wateja wake wa asubuhi walikuwa wale wale, watu waliozoea kuamshwa na king'ora na ambao sasa waliamka bila kuitwa na yeyote. Hassane, aliyewahi kuendesha mtambo wa mvuke, walimwita Turbini, naye alizungumza kama mtu ambaye bado mtambo unamngurumia nyuma ya kichwa. Soulé aliitwa Redio, na huyo hahitaji maelezo. Bezara, aliyekuwa akipima miwa kwenye mizani, aliitwa Katekista, kwa kuwa ndiye aliyefundisha darasa la vijana kanisani kila Jumapili baada ya misa. Walizungumza Kisakalava cha hapo hapo, Kifaransa kikiingia mtu alipotaka aonekane amesoma, na Kikomoro Redio alipotaka kumteta mtu aliyeketi karibu. Jumatatu hiyo ya mwaka 2008 palikuwa na habari moja tu, na Katekista alikuwa ameinamia kikombe chake, hajatia neno tangu akae.

— Amerudisha, Redio alisema. Nawaambia amerudisha! Kapanda meli, kavuka mpaka Mahajanga, kaingia ofisi ya mitihani kwa miguu yake mwenyewe, kasema: nifutieni.

— Nani?

— Sidonie, nani mwingine? Sidonie wa yule mama anayechuma maua ya mlangilangi. Yule tuliyemchezea ngoma mtaa mzima majuma mawili yaliyopita kwa kufaulu baka, ule mtihani wa kumaliza sekondari. Kasema hesabu zile aliiba. Kuna mtu alimpenyezea kikaratasi ndani ya chumba cha mtihani, akanakili.

— Nani alimkamata?

— Ndiyo nakwambia, Turbini, hakukamatwa na mtu! Hakuna aliyejua. Mwalimu hakujua, msimamizi hakujua. Karatasi imeshasahihishwa, jina limeshabandikwa ukutani. Sasa wamemfutia, na mwaka ujao haruhusiwi hata kusogea mlangoni. Jana karudi.

Turbini alikuna kidevu. Habari ya namna hiyo haikuwa na mahali pa kukaa kichwani mwake, na aliizungushazungusha kama spana isiyoingia kwenye nati yoyote.

— Ana mimba, alisema mwishowe.

— Mimba inahusiana nini na hesabu?

— Msichana akipata mimba anatafuta sababu ya kutosafiri. Cheti kingempeleka chuo. Hana cheti, haendi. Umeona?

— Sioni, Rahamatou alisema huku akimimina. Mwenye mimba mimi namjua kwa mwendo. Yule hana.

— Basi ni tromba, Redio alidakia. Roho ya mfalme wa zamani imempanda. Wafalme wale hawakusoma shule, na hawapendi mjukuu awapite. Shangazi yangu lilimpanda tromba la namna hiyo, kila akishika kalamu mkono unavimba.

— Sidonie anakwenda kanisani, si kwenye ngoma za tromba, Rahamatou alisema.

— Ndiyo maana limekasirika!

Turbini alipiga goti lake. Sasa alikuwa ameipata.

— Sikilizeni. Ni Wafaransa. Wale wanaonunua mafuta ya mlangilangi wana mtu wao pale Mahajanga, anatafuta watoto waaminifu. Anawapa jaribio kwa siri. Atakayerudisha anachukuliwa, anapelekwa Paris, anakabidhiwa funguo za ghala la manukato. Cheti cha baka mbele ya ghala hilo ni nini? Mtaona. Mwezi huu hautaisha.

— Na wewe utakuwa umejuaje?

— Nimefanya kazi na Wafaransa miaka kumi na tisa. Hawafanyi kitu bure.

Katekista aliwasikia wote kama anavyosikia mtu aliyezama majini. Kikombe kilikuwa kimepoa mkononi mwake. Alijua kwamba zamu yake ingefika, na ilifika.

— Tena tunakaa hapa tunahangaika bure, Turbini alisema akigeuka. Mwenye jibu tunaye. Huyu ni mtoto wa darasa lake! Katekista, mbona umejificha? Ni kazi yako hii!

— Wallahi ni kweli, Redio alisema. Mimi Mwislamu, lakini kusema kweli nasema. Watoto wa siku hizi na simu zao, na mikanda ya video, na wewe umewashika mpaka mmoja anavuka bahari kwenda kujishtaki! Umewapa nini, dawa?

Rahamatou alimnyang'anya kile kikombe kilichopoa, akamwekea kingine cha moto kilichojaa hadi ukingoni.

— Hiki ni cha heshima, alisema.

Katekista hakukigusa. Lawama angeivumilia. Tangu jana aliposikia kwamba meli imetia nanga bandarini Andoany na Sidonie ameshuka, alikuwa amejiandaa kulaumiwa. Sifa hakujiandaa nayo.

Kwa sababu alijua vizuri darasa lake lilivyokuwa. Miaka sita alikuwa amehangaika nalo. Paroko alimwambia: wasaidie hawa vijana waishi imani yao nyumbani, shuleni, sokoni, isiwe ya Jumapili tu. Naye aliitikia, akaanza. Aliazima gita, akajifunza nyimbo mbili, vijana wakamcheka kwa adabu. Aliunda timu ya mpira, timu ikabaki, sala ikapotea. Alileta mkanda wa video wa maisha ya mtakatifu mmoja, umeme ukakatika katikati, na kila mtu akafurahi. Mwishoni alibaki na swali moja alilowauliza kila Jumapili: juma hili, imani yako uliitumia wapi? Walimjibu kwa zamu, "kwenye sala, Mwalimu", "kwenye sala, Mwalimu", macho yakiwa mlangoni. Sidonie hakujibu kabisa. Kabla hajapelekwa Mahajanga kusoma, na kila alipokuja likizo, alikaa safu ya nyuma akimsuka nywele aliyekaa mbele yake. Kama angeulizwa ni nani kati ya wale ishirini na wawili anayesikiliza, Sidonie asingemtaja hata wa mwisho.

— Msinipe, alisema, na kukisogeza kikombe mbali. Kahawa hii si yangu.

— Una nini?

— Alikuja kwangu.

Benchi zima lilimgeukia.

— Siku ya nne baada ya ngoma, Katekista aliendelea. Alikuja nyumbani, mimi naparua samaki. Akasimama tu. Nikamwambia, karibu, msomi wetu. Akaniuliza: Mwalimu, mtu akitubu, lakini alichokichukua bado anacho mkononi, huyo ametubu?

— Ukamjibuje?

— Nilidhani ni swali la darasa. Nikafurahi, nawaambia kweli, nikafurahi! Miaka sita, hatimaye mmoja kauliza swali. Nikaanza kumweleza habari ya mwizi anayetubu huku ng'ombe wa watu yuko zizini mwake. Akanikatiza. Akasema, mimi nazungumzia baka yangu. Akanieleza yote: swali la tatu la hesabu, kikaratasi, jinsi alivyonakili. Akasema kila mama yake anapomwita "msomi" anahisi anamwibia upya.

Alisita. Hakuwa na lazima ya kuendelea. Angeweza kuishia hapo, wangebuni wenyewe sehemu iliyobaki, na wangeibuni nzuri. Lakini Rahamatou alikuwa amesimama na birika mkononi, anamtazama.

— Nilimwambia anyamaze.

— Eh!

— Nilimwambia Mungu haangalii karatasi. Nikamwambia, kila mtu kwenye chumba kile alikuwa na kikaratasi chake, wewe umefaulu, shukuru, funga mdomo. Akasema, Mwalimu, wewe ndiye uliyetuambia imani ni ya kila siku. Nikakasirika. Nilikasirika kwa sababu alikuwa sahihi, na kisu cha samaki nilikuwa nacho mkononi, na nilimnyooshea hicho kisu kama kidole. Nikamwambia: usimuue mama yako.

Katekista alijifuta uso kwa kiganja.

— Kwa hiyo msinisifu. Mtoto alikuja kwangu kutafuta mtu wa kumshika mkono, nami nikaufunga mkono wangu. Alichokifanya, alikifanya kwa kunikaidi.

Ndipo wakamwona Mzee Allaoui anavuka barabara na mkoba wake, mpole kama kawaida yake, kofia imenyooka kichwani. Alikuwa mfanyabiashara wa mchele aliyestaafu, Mkomoro wa asili aliyezaliwa Mahajanga, na juma zima alikuwa huko kumtazama dada yake Zalifa. Alirudi jana na meli ile ile ya Sidonie. Alisalimia, akaketi, akapewa kahawa, akaangalia nyuso zao.

— Mnamzungumzia yule binti, alisema.

— Ulimwona melini? Redio aliuliza kwa pupa.

— Nilikuwa naye ofisini.

Redio alitaka kusema kitu lakini Turbini alimfinya paja.

— Tulikwenda naye meli moja, Mzee Allaoui alisema, bila haraka. Alitapika njia nzima, mtoto wa watu, nikampa ndimu alambe. Aliniita Bakoko, babu, kama wajukuu zangu. Nikamwelekeza kwa dada yangu, nikamwambia akipata shida aje. Siku ya pili akaja. Alikuwa amelala kwa shangazi yake huko Belobaka, na shangazi baada ya kusikia alichokuja kufanya alikataa kumsindikiza, akamtoa nje na begi lake. Mimi hayo sikuyajua. Aliniambia tu: Bakoko, nahitaji mtu mzima wa kwenda naye ofisi ya mitihani. Nikavaa viatu. Nilidhani anakwenda kuchukua cheti.

Alikunywa funda.

— Tulipanga mstari. Zamu yetu ikafika. Yule bwana wa dirishani hata hakuinua kichwa, akasema, vyeti havijatoka, rudini mwezi ujao. Binti akasema: sikuja kuchukua, nimekuja kurudisha. Yule bwana akainua kichwa. Kurudisha nini? Matokeo yangu. Akacheka. Akawaita wenzake, wakacheka wote. Kisha akafungua droo, akapekua karatasi, akafungua droo nyingine. Akasema, binti, fomu ya kulalamika umenyimwa alama ninayo. Fomu ya kupotelewa na cheti ninayo. Ya kurudisha hakuna. Sina fomu ya kitu hicho. Haijawahi kuombwa.

— Akafanyaje?

— Akaomba karatasi nyeupe. Akaandika mwenyewe, amesimama, karatasi imeegemezwa ukutani. Mistari sita. Kalamu ilikuwa yangu.

Mzee Allaoui alitoa kalamu mfukoni mwa shati, ya wino wa buluu, akaitazama kidogo, akairudisha.

— Alipoisoma, yule bwana hakucheka tena. Akatuingiza ndani, akafunga mlango. Akamwuliza: nani aliyekupa kikaratasi? Binti akasema, langu nimelisema, la mwenzangu ni la kwake. Akamwambia, ukimtaja tutakupunguzia adhabu, mwakani unarudia. Usipomtaja, mwakani hufanyi. Binti akakaa kimya. Yule bwana akanigeukia mimi: ni wewe mzee unayemlazimisha? Nikamwambia, bwana, mimi ndiyo kwanza nasikia. Nilitafuta mlango kwa macho, si yeye, mimi! Umri wangu huu. Akatoka, akaja na mkuu wake, mama mmoja mtu mzima. Yule mama akaisoma ile barua, akaisoma tena. Akasema: mwanangu, nikigonga muhuri hapa siwezi kukurudishia. Naweza kuichana sasa hivi, ukaenda zako, na sisi hatukukuona.

— Akasema hivyo? Rahamatou alinong'ona.

— Alisema hivyo, na aliishika karatasi hivi, kwa mikono miwili, tayari kuichana. Nikajisemea moyoni, ichane, mama, kwa jina la Mungu ichane. Binti akasema: gonga, mama.

Mtu alipita na baiskeli.

— Muhuri ukagongwa. Yule mama akasimama kumpa mkono, kama unavyomsimamia mtu mkubwa. Tulipofika nje aliomba maji, nikamnunulia chupa, akashindwa kuielekeza mdomoni, maji yote yakamwagikia gauni. Kisha akasema ana njaa. Alikula mishikaki kumi na miwili. Anakula huku analia, analia huku anakula, halafu akaanza kucheka. Nikamwuliza, unacheka nini? Akasema, Bakoko, najisikia mwepesi, nashika meza nisiruke.

Mzee Allaoui aliweka kikombe chini.

— Nimesali tangu nina miaka saba. Siku ile adhuhuri niliingia msikitini, nikatandika mkeka, na nilikaa sijui niombe nini. Nilikaa tu.

Turbini alikuwa amevua kofia yake, pengine bila kujua. Redio, ambaye kila habari ikifika kwake huongezewa mkia, aliigeuza hiyo kila upande. Hii haikuwa na mahali pa kuongezea.

— Na mama yake? aliuliza hatimaye, kwa sauti ndogo.

— Nimekutana nao alfajiri, Rahamatou alisema. Walikuwa na makapu, wanakwenda kuchuma. Mama mbele, binti nyuma, hawazungumzi. Nikamvuta mama pembeni nikamwambia, msamehe, ni mtoto. Akaniambia, Rahamatou, jana nilivunja sahani tatu, leo hasira sina. Nashindwa kumtazama usoni tu. Nikamwuliza, kwa aibu? Akasema hapana. Akasema: nashindwa kama ninavyoshindwa kulitazama jua. Nimemzaa mimi yule? Akaniuliza hivyo, kama vile mimi ndiye najua.

Katekista alisikia maneno hayo yakimwingia na kukaa. Alikuwa ametaka kumlinda yule mama. Hicho ndicho kisingizio alichojipa usiku kucha: nilifanya kwa ajili ya mama yake. Na mama alikuwa amebeba jambo lile kwa siku moja, na kulibeba vizuri kuliko yeye aliyepewa funguo za kanisa na daftari la mahudhurio.

— Basi mimi nimemaliza, alisema.

— Umemaliza nini?

— Darasa. Leo jioni nampelekea paroko daftari lake. Atafute mtu mwingine. Mimi niwaambie nini watoto wale? Niwaulize imani yao waliitumia wapi juma hili? Wataniuliza mimi. Turbini, wewe ungeweza kumfundisha kuendesha mtambo mtu anayejua mtambo kuliko wewe?

— Ningemkalia pembeni nimtazame, Turbini alisema. Mkono wa kufungulia mvuke ningemwachia yeye.

— Ndiyo hivyo. Nimemaliza.

— Lakini na wewe, Redio alianza, wewe ulikuwa unataka mema...

— Redio, acha.

Akaacha. Rahamatou alichungulia birika ya kwanza, ikawa tupu. Akainamisha ya pili kugawa kahawa iliyobaki, nusu kikombe kwa kila mmoja. Alipofika kwa Katekista, harufu nzito tamu ya mlangilangi ilipita juu ya harufu ya kahawa, na wote wakageuza shingo.

Sidonie alikuwa amesimama kando ya jiko. Kapu lilikuwa limening'inia begani, tupu, maua yameshapelekwa kwenye matanuri ya kukamulia mafuta. Umande ulikuwa umelowesha gauni lake mpaka magotini na vidole vyake vilikuwa na rangi ya manjano. Alikuwa msichana mwembamba wa miaka kumi na saba mwenye chunusi mbili kwenye paji la uso. Hakukuwa na kingine cha kuona, ingawa watu watano walimtazama kana kwamba kipo.

— Mbola tsara, alisalimia.

— Mbola tsara, wakaitikia, na Mzee Allaoui alisimama. Turbini naye akasimama. Redio akasimama mwisho, akagonga kikombe chake kwa goti.

Sidonie aliona haya. Alitazama nyuma yake kidogo, kama mtu anayetafuta ni nani aliyesimamiwa. Kisha akamtazama Katekista, aliyebaki ameketi. Katekista alikuwa akimngoja aseme lolote. Aseme: uliniambia ninyamaze. Aseme: kisu kile. Alikuwa na haki.

— Mwalimu, Sidonie alisema, Jumapili darasa lipo?

Redio aliangalia viatu vyake. Turbini alimwangalia Rahamatou, naye Rahamatou akaiangalia birika. Mzee Allaoui alifumba macho. Katekista alifumbua mdomo kusema halipo, na hakuweza, kwa kuwa msichana yule alikuwa ameuliza kama mtu anayetaka kuja. Akataka kusema lipo, na hilo nalo likagoma, kwa kuwa hakujua kama yeye mwenyewe angekaa mbele au safu ya nyuma.

Sidonie alishusha kapu begani, akaliweka chini, akasubiri.